Mwaka Nilioacha Dumu Nyumbani

Juzi nikiwa dukani kwangu hapa Mugumu simu ililia, nikafungua kundi la wazazi wa shule anayosoma binti yangu. Ulikuwa ule ujumbe wa kila mwisho wa mwaka: shule inafungwa Ijumaa, wazazi wote wafike saa nne kamili, ripoti atapewa mzazi mwenyewe na si jirani, sare zilizokatika vifungo zishonwe wakati wa likizo, watoto wanyolewe kabla ya siku ya kufungua. Niliusoma wote nimesimama, mteja ananisubiri na misumari yake mkononi. Nilipomaliza ndipo nikatambua kuwa nilikuwa nimeuma meno. Kuna neno moja nilikuwa nalitafuta katika vile vikumbusho, na sikuliona. Neno lenyewe ni dumu.

Ninyi wa rika langu mliosoma shule za vijijini huku kwetu hamna haja ya kuelezwa. Ninasema lile dumu la njano lililokuja dukani na mafuta ya kula, ambalo hata ulisugue kwa mchanga na majani mara kumi, likipigwa jua linarudisha harufu ileile ya mafuta yaliyochacha. Mpaka leo harufu hiyo ikinifikia, utosi wangu unauma mahali ambapo ngata ya kitambaa ilikuwa inakaa chini ya dumu. Watu wakikumbuka utoto huwa wanalainika. Mimi kwa hili nakasirika, na sioni sababu ya kuacha.

Shule yetu ilikuwa juu ya kilima cha mawe, Tarime, upande unaotazama bonde la Mto Mara. Hewa ilikuwa nzuri huko juu, na maji hayakuwepo. Maji yalikuwa chini kabisa, kwenye kijito kilichopita katikati ya mashamba ya mihogo. Kushuka ilikuwa raha, unakimbia dumu tupu likikugonga goti. Kupanda ilikuwa habari nyingine. Njia ilikuwa nyembamba, yenye changarawe inayoteleza, na kulikuwa na mahali petu pa kupumzika, jiwe pana ambalo vizazi vya wasichana vilikuwa vimelilainisha kwa kukalia.

Nilipoingia darasa la tano nilichaguliwa. Hilo ndilo neno nililolitumia nyumbani, na nililisema kwa majivuno. Kila siku kipindi cha pili kilipoanza, kiranja mkuu alikuja mlangoni na kutaja majina: "Ghati. Robi. Wankuru. Nyangi." Tulisimama, tukachukua madumu yetu ya lita kumi nyuma ya darasa, tukaenda kumchotea maji Mwalimu Mkuu nyumbani kwake. Yeye mwenyewe aliwahi kutuambia, akiwa amesimama kwenye kibaraza chake cha saruji nyekundu iliyong'aa kwa kupigwa rangi, kwamba hapeleki kila mtu. "Nachagua wasichana wenye adabu," alisema. Siku hiyo nilipanda na kushuka kile kilima kama sigusi ardhi.

Kipindi cha pili kilikuwa Hisabati. Nilijua hivyo kama unavyojua leo ni siku gani, bila kuona kwamba inanihusu. Nilipopita nje ya dirisha na dumu kichwani niliwasikia wenzangu wakiimba jedwali la kuzidisha, na naapa niliwahurumia. Waliobaki mle ndani, mawazoni mwangu, ni wale ambao hawakuchaguliwa. Mke wa Mwalimu Mkuu alikuwa anatupa kila mmoja kiganja cha karanga za kuchemsha, nami nilizila polepole njiani nikirudi ili zionekane. Nilijifunza kutembea bila kushika dumu, mikono ikining'inia. Nilijifunza kumimina ndani ya pipa bila kumwaga hata tone kwenye saruji ile nyekundu. Kama ningepewa mtihani wa mambo hayo ningekuwa wa kwanza wilaya nzima.

Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa msichana mgeni kazini, Mwalimu Bhoke, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Siku moja kiranja alipokuja kutaja majina yetu, alishusha chaki na kusema, "Tena?" Basi Mwalimu Mkuu, aliyekuwa anapita kwenye kibaraza cha madarasa, akaingiza kichwa. "Mwalimu, maji hayana miguu." Darasa lilicheka. Mwalimu Bhoke aligeukia ubao. Mimi pia nilicheka, tena kwa nguvu, maana Mwalimu Mkuu alikuwa upande wangu.

Siku ya kufunga mwaka, madawati yalitolewa nje na kupangwa kwenye kivuli cha mikaratusi. Wanaume walikaa kwenye madawati, wanawake walikaa kwenye nyasi na watoto wao mapajani. Baba alikuwa amekwenda kutibu ng'ombe, kwa hiyo alikuja mama. Alikuwa ametoka kupalilia alfajiri, akaoga, akafunga kitenge chake cha kanisani, lakini udongo ulikuwa bado umeng'ang'ania kwenye kucha. Mama alikuwa mfupi mwenye sauti kubwa. Hakuwahi kusoma hata darasa la kwanza. Kiswahili alikisikia vizuri, alikiokota mnadani Kemambo na kwenye redio ya jirani, lakini kwenye kundi la watu kilimkwama kooni, hivyo alisema Kikurya na wasioelewa wakajitafutia wenyewe.

Nilipewa ripoti yangu nikampelekea. Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kuanza kusoma karatasi yake. Habari za mwaka: choo cha wavulana kimekamilika, timu ya mpira imefika fainali ya kata, mwalimu mmoja amehamishwa. Kisha vikumbusho. Shule itafunguliwa wiki ya pili ya Januari. Kila mtoto aje na jembe na fagio. Kuku na mbuzi wasiachwe kuingia kwenye bustani ya shule. Alipofika kwenye ukeketaji alipandisha sauti. Alisema serikali haina mchezo, Desemba hii asisikie msichana wa shule yake amepelekwa kukatwa, mabinti ni hazina, anayewaharibu anaharibu taifa. Wazee kwenye madawati walitazama viatu vyao. Mama alitikisa kichwa kukubali. Hilo la kukatwa lilikuwa limekwisha kuamuliwa nyumbani kwetu zamani, na aliyeamua ni yeye.

"Nisomee," aliniambia kwa Kikurya, akanigusa na ile ripoti.

Nikamsomea kwa kunong'ona. Kiswahili, Maarifa, Sayansi, zote zilikuwa za katikati. Nikafika Hisabati. Tisa kati ya mia. Nilitaka kuruka, lakini kidole chake kilikuwa kinafuata mistari na mstari ule alikuwa ameugundua kwa sababu uliandikwa kwa wino mwekundu.

"Hapo pamesema nini?"

"Tisa."

"Na maneno ya pembeni?"

Yalikuwa mwandiko mdogo wa Mwalimu Bhoke. Nikasoma: "Ana uwezo, lakini hahudhurii kipindi."

Mama alinigeukia mzima. "Kila siku unatoka nyumbani na daftari. Kipindi kikiendelea wewe unakuwa wapi?"

"Mtoni," nilisema. Hata wakati ule nilikuwa sijaogopa. Nilidhani nikimweleza ataelewa. "Tunamchotea Mwalimu Mkuu. Anachagua wenye adabu."

"Si mnachota asubuhi, kabla ya kengele?"

"Hayo ni ya shule. Haya ni ya kwake."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Mwaka mzima. Sijakosa hata siku moja."

Nilikuwa ninasubiri asifie. Alikunja ripoti mara mbili, akaiweka ndani ya nguo kifuani. Na ni wakati huohuo, mbele yetu, Mwalimu Mkuu aligeuza karatasi na kusema kikumbusho cha mwisho. "La mwisho. Wasichana wote wa darasa la tano mpaka la saba, Januari waje na dumu la lita ishirini na ngata yake. Haya ya lita kumi yanatuchelewesha."

Mama akasimama.

"Mama, maswali ni mwishoni," alisema Mwalimu Mkuu.

Mama akajibu kwa Kikurya kwamba amesema kikumbusho ni cha mwisho, kwa hiyo mwishoni ni hapa. Wanawake wakacheka. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa huku, alitazama kushoto na kulia. "Nani anatafsiri?"

"Binti yake huyo hapo," mtu mmoja alisema.

Basi nikasimama, darasa la tano, kati ya mama yangu na mtu niliyemheshimu kuliko wote duniani. Mama akasema: "Mwambie mtoto wangu nilimleta hapa asome. Kama ni kuchota maji, mtungi upo hata kwangu, na angechota akarudi kunibebea mdogo wake."

Nikasema kwa Kiswahili: "Mama anashukuru kwa taarifa. Anauliza kidogo kuhusu maji."

Wanawake waliosikia lugha zote mbili walilipuka kwa kicheko. Mama hakucheka. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia akisema Kiswahili mbele ya watu. "Ghati. Mimi nasikia. Sema yangu, siyo yako."

Nikasema yake. Niliisema nikitazama nyasi, neno kwa neno, na mdogo wake na mtungi wake. Mama akaendelea, taratibu sasa, akinipa sentensi moja moja kama anavyopitisha mawe ya kujengea. "Mwambie hivi. Ametuambia Desemba tusiwaharibu mabinti. Amesema vizuri na mimi nimekubali. Lakini Januari mpaka Novemba yupo nao yeye. Yeye anawafanya nini?"

Nilisita. Siyo kwamba sikuielewa. Niliielewa yote ghafla, na ndiyo sababu ilikuwa nzito. Nilinyanyua uso nikamtazama Mwalimu Mkuu, nikaitafsiri yote, na nilipofika mwisho sauti yangu ilikuwa imetoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Ilifanana na sauti ya mama.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mkuu alikunja karatasi yake. "Huu ni utovu wa nidhamu mbele ya watoto," alisema. "Mwambie mama yako akae chini."

"Anasema ukae," nilimwambia mama, ingawa alikuwa amesikia.

"Mwambie nimekaa vya kutosha."

Nikamwambia. Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyependa amani, aliruka haraka na kusema tufunge kwa sala, watu wote wasimame. Kwa hiyo wote wakasimama, wanaume kwa wanawake, na mama yangu akabaki amesimama vilevile na mikono kifuani, na sala ikapita.

Ningependa kuwaambia kwamba nilirudi nyumbani nikijivuna. Nilirudi nyuma yake hatua kumi, nikilia kwa hasira, nikimchukia. Mwaka mzima nilikuwa nimejenga jina langu kwa Mwalimu Mkuu, na yeye amekuja na udongo kwenye kucha akalibomoa kwa dakika tano. Mama hakunibembeleza. Alitembea mpaka tulipolifikia lile jiwe letu la kupumzikia, kisha akauliza bila kugeuka.

"Mnakwenda wangapi?"

"Wanne. Siku nyingine sita."

"Kuna mvulana hata mmoja?"

Nililiona swali la kijinga. "Wavulana wanasoma, mama," nilisema.

Niliyatoa maneno yale mwenyewe, kwa mdomo wangu, na yalipokwisha kutoka nikayasikia. Mama alisimama. Mimi nikasimama. Alinisubiri nikafika alipo, tukaenda pamoja.

Baba alipata habari kabla hatujafika, maana wanaume walipitia kilabuni. Jioni hiyo alisema mama amemwaibisha, mke wa mtu hasimami kumhoji mwalimu mbele ya wazee, na kama kuna neno angeambiwa yeye akalipeleka. Mama alisema sawa, neno sasa unalo, lipeleke. Baba hakulipeleka. Siku kadhaa waliongea kwa kupitia sisi watoto: mwambie baba yako chakula kipo, mwambie mama yako nimeshiba.

Wiki ile baba alikuwa anaezeka nyumba mpya. Alikuwa juu ya ngazi, ana kipande cha kamba mdomoni, akaniita mimi niliyekuwa karibu. "Ghati, mistari ni saba, kila mstari bati tisa. Jumla?" Nilianza kuhesabu kwa vidole. Vidole vikaisha. Nikasema hamsini. Nikasema hapana, sabini. Mwita, mdogo wangu wa darasa la nne, alikuwa amekaa kwenye lundo la mchanga akichezea kijiti, hata hakuinua kichwa. "Sitini na tatu," alisema.

Baba aliitoa ile kamba mdomoni. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemkagua ndama aliyeambiwa ni mzima na sasa anaona anachechemea. Mwita ndiye aliyekuwa hawezi kuvaa viatu vizuri, ambaye mimi nilimfundisha kusoma jina lake. Nilitamani mchanga ule unifunike. Baba alirudi kugonga misumari mpaka jioni, na usiku wakati wa kula akasema akitazama sahani, bila kupitia mtu: "Mama Ghati, lile dumu la lita ishirini usinunue."

"Sikuwa na mpango huo," mama alisema.

Siku ya kufungua shule niliamka nikidhani atanisindikiza. Alinipaka mafuta, akanifunga tai vizuri, akarudi kwenye jembe lake. "Nikija mimi watasema ni maneno ya mama yake," alisema. "Nenda wewe."

Njia ilikuwa imejaa wasichana na madumu mapya ya njano. Yalikuwa makubwa kiasi kwamba wadogo waliyaburuta, na yalivyogongana yalitoa mlio kama ngoma isiyokazwa. Robi, rafiki yangu, alikuwa na la kwake. Alinitazama mikono mitupu, akapunguza mwendo tukaachana kidogo, ili wasidhani tumekuja pamoja. Simlaumu. Hata mimi ningejikwepa kama ingewezekana.

Mstarini, Mwalimu Mkuu alipita akikagua. Aliponifikia alisimama.

"Dumu liko wapi?"

"Shikamoo, mwalimu. Limebaki nyumbani."

"Na wewe umekuja na nini?"

"Nimekuja na daftari."

Sikukusudia jeuri. Ilikuwa ndiyo kweli, nilikuwa nalo mkononi. Lakini mstari mzima ulivuta pumzi. Alinipiga viboko vinne vya viganja, viwili kila upande, akaniambia nisiingie darasani kwake mpaka nilete dumu, nirudi nyumbani sasa hivi. Nilisema, "Sirudi, mwalimu," na akaongeza viwili. Sikulia. Nilikuwa nimeamua hivyo njiani, na ukweli nilikuwa na hasira kuliko maumivu. Nilikuwa na hasira na zile karanga. Nilizikumbuka moja moja.

Sikurudi nyumbani. Nilizunguka nyuma ya darasa la sita, nikakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, daftari kwenye magoti. Kipindi cha pili nikasikia kiranja anataja majina, madumu yanatoka, miguu inashuka kilima. Kisha dirisha juu yangu likafunguliwa. Mwalimu Bhoke hakuchungulia wala kuniita. Alifungua tu, akarudi ubaoni, na kuanzia hapo akasoma kila swali mara mbili, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kana kwamba darasa zima limekuwa kiziwi. Viganja vilikuwa vimevimba, kalamu ilikuwa inateleza, lakini niliandika. Sikuelewa hata nusu. Nilipoandika vibaya nilifuta kwa mate nikaandika tena.

Siku ya pili nilikaa palepale. Jua lilipofika ukutani nikasikia nyasi, nikageuka. Robi alikuwa amesimama na daftari.

"Dumu lako?"

"Limepasuka," alisema. Kisha akaona naendelea kumtazama. "Nimelipasua. Nimelirushia kwenye lile jiwe."

Akakaa. Siku ya tatu tulikuwa saba chini ya dirisha lile, wa darasa la tano na la sita, tumebanana, na mama wa Wankuru alipita akituletea viazi kama tuko msibani. Mwalimu Mkuu alitukuta. Nilidhani atatupiga, na nadhani alitaka, lakini watu saba ni wengi kuwapiga kimyakimya na pipa lake lilikuwa limekauka. Akaingia darasani akatoa wavulana sita.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hasira yangu inapolala. Mama yangu alisimama mbele ya kijiji kizima akasema, na hakikubadilika kitu. Sisi tulikaa juani siku tatu, na hakikubadilika kitu. Wavulana wale walichota maji siku mbili. Siku mbili tu. Siku ya tatu asubuhi akina baba wanne walikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu na fimbo zao za kuchungia, wanauliza ni tangu lini mtoto wa kiume anaacha somo kumbebea mtu maji ya kuoga. Baba yangu alikuwa mmoja wao, kwa ajili ya Mwita, ambaye hakuwa amechaguliwa hata mara moja. Walitumia muda wa kunywa kikombe cha chai tu. Mchana huohuo kengele ikagongwa, tukaitwa mstarini, Mwalimu Mkuu akatangaza kuwa kuanzia leo hakuna mwanafunzi atakayepeleka maji nyumbani kwa mwalimu saa za masomo, wa kike wala wa kiume. Hakusema pole. Alisoma kama anavyosoma habari za mbuzi wa bustani.

Wiki iliyofuata alinunua punda. Tulimwona akipanda kilima na madumu manne ubavuni, mahali palepale tulipokuwa tunapita sisi, na watoto wote wakaenda dirishani kumtazama. Mwalimu Bhoke akaturudisha kwenye viti. Nilikaa mbele kabisa, na nilikuwa wa mwisho katika darasa, simfichi mtu. Mambo ambayo wenzangu walijifunza mwaka mzima mimi niliyasoma wakati wa mapumziko, wengine wakicheza, na jioni nilikaa na Mwita kwenye lundo la mchanga akinifundisha jedwali, naye akifurahia kupita kiasi.

Nilipomwambia mama jinsi baba alivyokwenda na wenzake na mambo yakaisha, nilitegemea atafurahi. Alikuwa anachambua nafaka ya wimbi kwenye ungo. "Kumbe Mwalimu Mkuu alikuwa anasikia Kiswahili siku zote," alisema, akaendelea kupepeta.

Mwisho wa mwaka ule mikaratusi ilikuwa ileile na madawati yalipangwa vilevile, lakini mama alikuwa ana homa, kwa hiyo ripoti nilikwenda nayo mwenyewe nyumbani, irudishwe Januari ikiwa na sahihi ya mzazi. Nilimkuta amekaa mlangoni, amejifunika shuka. Nikamsomea. Hisabati sitini na nane, kwa wino wa buluu. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia nirudie tena, kwa sauti, ili baba aliyekuwa zizini asikie.

"Na huku chini?"

Huku chini kulikuwa na nafasi ya Mwalimu Mkuu, anapoandika tabia ya mtoto. Mwaka uliotangulia aliniandikia "mwenye adabu." Safari hii palikuwa na neno moja tu, limekandamizwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Ameandika mkaidi," nilisema.

"Wapi?"

"Hapa."

"Nionyeshe linapoanzia na linapoishia."

Nikamwonyesha. Nilieleza kwamba sahihi ya mzazi siyo hapo, kuna mstari wake chini. Mama alisema amesikia. Aliomba kalamu yangu, akaivunja kichwa kwa meno, akajipaka wino kwenye dole gumba mpaka ukucha ukabadilika rangi. Halafu, kwa uangalifu wa mtu anayeziba ufa, akalikandamiza juu ya neno lile, kuanzia linapoanzia mpaka linapoishia, akaliacha hapo muda mrefu kidogo ili wino ukolee.